Transfoma ya Flayibaki Haichaguliwi kwa Wati

Ukitafuta transfoma dukani, swali la kwanza utakaloulizwa ni "ya wati ngapi?" Kwa transfoma ya chuma ya 50 Hz, ile nzito ya chaja za zamani, swali hilo linatosha. Kwa konvata ya DC-DC (kifaa kinachogeuza volteji ya DC kuwa nyingine ya DC) yenye utengano, yaani isiyo na waya unaounganisha upande wa kuingia na wa kutoka, hasa ya aina ya flayibaki, halikufikishi popote. Transfoma mbili zilizoandikwa "30 W" zinaweza kuwa na umbo lile lile, moja ikafanya kazi miaka na nyingine ikachoma mosfeti (transista inayofanya kazi ya swichi) kabla hujaondoa kidole kwenye swichi. Kinachoamua ni mkondo wa kilele ambao kiini (kipande cha kupitishia sumaku kinachozungukwa na koili) kinaustahimili kabla ya kushiba, yaani kabla ya kushindwa kubeba sumaku zaidi, na kipimo hicho kilichukuliwa kiini kikiwa na joto gani. Uwiano wa raundi, unene wa waya na umbo la bobini (kibebeo cha koili) huja baadaye.

Tuchukue kazi moja tuifuate hadi mwisho. Una benki ya betri ya lithiamu aina ya LiFePO4 yenye seli 16, ile inayoitwa ya 48 V, kwenye mfumo wa sola wa pampu au wa shule, mahali popote kati ya Nakuru na Busia. Unataka 12 V, 2 A, kwa ajili ya ruta, kamera na vihisi vya tangi la maji. Jina ni 48 V, lakini seli ikishuka hadi 2.5 V benki nzima ina 40 V, na ikichajiwa hadi 3.65 V kwa seli inafika 58.4 V. Tunza hizo namba mbili. Anayefanya hesabu kwa 48 peke yake atapata konvata inayolala alfajiri betri zikiisha, na kuungua adhuhuri zikijaa.

Kwanza jiulize kama utengano unauhitaji kweli. Kama hasi ya betri ndiyo hasi ya kila kitu na nyaya ni fupi, nunua konvata ya kawaida ya kushusha volteji. Ni rahisi, ina hasara ndogo, na haina transfoma ya kukuumiza kichwa. Utengano unalipa pale ambapo waya wa data unatoka mita 80 hadi kwenye tangi, pale inapohofiwa radi, au kwenye minara ya mawasiliano ambako upande wa chanya ndio uliofungwa ardhini na mfumo unaitwa −48 V. Hapo ukiunganisha hasi ya vifaa vyako vya 12 V na ardhi kupitia konvata isiyo na utengano, umefunga shoti ya moja kwa moja.

Haya, flayibaki. Transfoma yake si transfoma kwa maana ya kawaida. Praimari (koili ya upande wa kuingia) na sekondari (koili ya upande wa kutoka) hazipitishi mkondo kwa wakati mmoja. Ichukulie kama mtu anayechota maji kwa ndoo: swichi ikiwaka ndoo inajazwa, swichi ikizimika inamwagwa upande wa pili. Ukubwa wa ndoo ni nusu ya indaktansi (uwezo wa koili kuhifadhi nguvu ya sumaku, kwa henri) mara mkondo wa kilele kwa kipeo cha pili. Ndiyo maana wati pekee hazikuambii kitu, kwa kuwa wati zile zile zinapatikana kwa ndoo ndogo inayochota mara nyingi au kubwa inayochota mara chache.

Chukua masafa ya 100 kHz. Ukienda juu zaidi kiini kinapungua, lakini makosa ya usukaji yanaanza kukudai. Ukienda chini, kila kitu kinanenepa. Kwa kazi ya mkono 100 kHz ni mahali pa busara. Chagua uwiano wa raundi wa 2.5 kwa 1. Sekondari ina 12 V pamoja na kama 0.5 V inayopotea kwenye dayodi ya Schottky, jumla 12.5 V, hivyo ikirudishwa upande wa praimari inaonekana kama 31.25 V. Betri ikiwa 40 V, swichi itawaka kwa asilimia 44 ya kila mzunguko (31.25 gawanya kwa 71.25). Ikiwa 58.4 V, asilimia 35. Kubaki chini ya 50 kuna faida mbili. Udhibiti wa mkondo hauyumbi, na unaweza kutumia UC3845, IC ya kuendesha swichi, ambayo yenyewe haivuki nusu. Angalizo moja kuhusu IC hiyo: osileta yake (saa ya ndani) hukimbia mara mbili ya masafa ya kutoka, kwa hiyo rezista na kapasita zake zipangie 200 kHz. Wengi hupangia 100, wakapata 50 kHz bila kujua, na kilele cha mkondo kikapanda hata kama hesabu zote zilikuwa sawa.

Kwa ufanisi wa asilimia 85, betri inatoa 28.2 W. Kwenye 40 V huo ni wastani wa 0.71 A, lakini unapita kwa asilimia 44 tu ya muda, kwa hiyo katikati ya mteremko wake mkondo ni 1.6 A. Ukichukua indaktansi ya praimari ya 220 µH, mkondo utapanda kwa 0.8 A kila swichi inapowaka, na kilele kitakuwa 2.0 A. Hicho ni kilele cha siku njema. Siku ya kuwasha, kapasita za kutoka zikiwa tupu, au mtu akigusanisha waya za 12 V, mkondo utapanda hadi pale IC itakapoukata. Kwa rezista ya kupimia ya 0.39 Ω, UC3845 inakata kwenye 1 V, yaani 2.6 A. Ila kizingiti hicho kinaruhusiwa kuwa popote kati ya 0.9 na 1.1 V, kwa hiyo IC iliyo halali kabisa inaweza kuachia hadi 2.8 A. Hiyo 2.8 A ndiyo namba unayoenda nayo sokoni.

Watengenezaji wengi huandika mkondo wa kushiba kwa 25 °C. Feraiti (kauri ya sumaku inayotengenezewa viini) za konvata kama N87 hushiba kwenye takriban 0.49 T (tesla, kipimo cha uga wa sumaku) zikiwa na 25 °C, na 0.39 T zikiwa na 100 °C. Moja ya tano imepotea. Ndani ya boksi la bati lililofungwa ukutani upande wa magharibi, Kisumu saa tisa alasiri, kiini cha 90 °C si cha kushangaza. Konvata iliyofaulu mezani saa mbili asubuhi inakufa hapo, kisha mosfeti ndiyo inayolaumiwa. Mosfeti ya pili nayo ikifa vile vile, acha kununua ya tatu.

Sasa kiini. Ukitumia 0.28 T kama kikomo, na kiini cha saizi ya ETD29 ambacho mguu wake wa kati una eneo la 76 mm², raundi za chini kabisa ni 220 µH mara 2.8 A, gawanya kwa 0.28 mara 76, zinakuja 29. Funga 30 kwenye praimari, 12 kwenye sekondari, na 13 za koili ya msaada inayolisha IC yenyewe kwa karibu 12.8 V. Kwa raundi 30, kiini kitafika 0.27 T mkondo ukiwa 2.8 A. Kuna watakaosema kiini kidogo zaidi cha E25 kinatosha, na kwa upande wa kushiba ni kweli. Shida ni nafasi: ukiweka waya wenye insulesheni nene na tepu, dirisha la E25 linajaa hadi viini havikutani. Konvata moja au mbili za mkono, chukua ETD29 uishi kwa amani.

Mwanya, yaani nafasi ndogo iliyoachwa kati ya nusu mbili za kiini, ndio kitu ambacho transfoma za kuokoteza nyingi hazina. ETD29 isiyo na mwanya, ya feraiti ya kawaida, ina takriban 2,000 nH (nanohenri) kwa raundi mraba. Raundi 30 zinatoa karibu 2 mH, na kiini kinashiba mkondo ukiwa haujafika hata nusu ampea. Sisi tunataka 2.8. Mwanya unaohitajika ni kama 0.4 mm kwenye mguu wa kati. Ukiweka vipande chini ya miguu yote, tumia nusu yake, 0.2 mm, kwa kuwa njia ya sumaku inaukata mwanya mara mbili. Kosa la kusahau kugawa kwa mbili hutoa indaktansi karibu nusu ya uliyotaka. Karatasi ya kuchapishia ya gramu 80 ina unene wa 0.1 mm hivi, na mafundi huitumia, lakini inanyonya unyevu na inabonyea ukikaza klipu. Filamu ya zamani ya eksirei ni plastiki ya polyesta yenye unene wa karibu 0.2 mm. Ikate kwa mkasi na kazi imekwisha. Usikubali namba ya mwanya kwa imani, weka mita ya indaktansi kwenye praimari uongeze au upunguze hadi usome kati ya 210 na 230 µH. Gundi ya epoksi isubiri kipimo cha mwisho.

Kuhusu kuokoteza. Kwenye soko la Kibuye, Kisumu, na kwenye meza za mafundi wa TV kuna transfoma za bure au za bei ya soda, na nyingine ni viini vizuri kabisa. Ila jua unachokishika. Transfoma kubwa ya pawasaplai ya kompyuta za zamani haina mwanya. Inafaa ukiigeuza kwenye inveta ya kusukuma na kuvuta (push-pull), haifai kwa flayibaki bila kuongezewa mwanya. Ile ndogo pembeni yake, ya 5 V ya kusubiri, ni flayibaki ya kweli na ina mwanya, lakini imesukwa kwa volteji ya zaidi ya 300 DC. Praimari yake ina raundi nyingi mno na uwiano hauhusiani kabisa na 48 V. Na ile kubwa ya TV za kioo kinene yenye waya mwekundu unaokwenda kwenye skrini, ambayo kila fundi huiita flayibaki, iache ilipo, haikutengenezwa kwa kazi hii. Kiini usichokijua kinajitambulisha kwa kipimo chepesi: funga raundi 10, soma indaktansi, gawanya kwa 100. Ukipata nanohenri 1,500 au zaidi hakina mwanya. Ukipata 150 hadi 400, kina. Kukifungua, chemsha majini dakika 10 ili gundi ilegee, vuta polepole kwa kitambaa, na usikitumbukize kwenye maji baridi kikiwa moto. Feraiti hupasuka kwa mshtuko wa joto, na ufa mdogo usiouona ni mwanya ambao hukuupanga.

Waya. Kwenye 100 kHz mkondo hukimbilia ngozi ya waya, kina cha kama 0.2 mm tu, hivyo waya mmoja mnene ni shaba iliyopotea bure. Tumia nyuzi za 0.4 mm zilizounganishwa sambamba, mbili kwa praimari ambako mkondo wa rms (ule unaohesabiwa kwa joto la waya) ni 1.1 A, na nne kwa sekondari yenye 2.7 A. Praimari nzima inakula mita 1.6 ya kila uzi. Hasara ya shaba, ukiacha ile ya masafa, haifiki nusu wati, kwa hiyo usihangaike kuongeza unene. Hangaikia mpangilio.

Mpangilio ndio unaoamua uvujaji, ile sehemu ya sumaku ya praimari isiyofika sekondari. Nguvu hiyo haina pa kwenda swichi inapozimika, inageuka kuwa mwiba wa volteji kwenye mosfeti. Suka raundi 15 za praimari katika tabaka moja, weka tepu, suka sekondari yote juu yake, tepu tena, kisha raundi 15 zilizobaki, na koili ya msaada juu kabisa. Nusu mbili za praimari unaziunganisha mfululizo kwenye pini isiyotumika. Ukisuka hivyo kwa utulivu utapata uvujaji wa asilimia 1 hadi 2 ya indaktansi. Ukisuka praimari yote upande mmoja wa bobini na sekondari upande wa pili, uvujaji utaruka mara kadhaa na konvata haitazaa 2 A milele. Kuupima ni rahisi: unganisha koili nyingine zote zenyewe kwa zenyewe kwa waya mfupi, kisha soma praimari kwenye 100 kHz. Kwetu 4.4 µH ni asilimia 2.

Hizo 4.4 µH zinagharimu nini? Kila mzunguko zinabeba nguvu ambayo kwa 2 A na 100 kHz ni karibu 0.9 W. Ukiukata mwiba kwa dayodi, kapasita na rezista ili usizidi 60 V juu ya betri, rezista hiyo itachoma kama 1.8 W, kwa sababu inaiba pia kidogo cha nguvu iliyokuwa inaenda sekondari. Rezista ya 2 kΩ ya 5 W inakaa vizuri. Mosfeti inaona 58.4 ongeza 60, yaani 118 V, hivyo ya 150 V ndiyo ya chini. Mosfeti ya 100 V, ambayo ndiyo imejaa madukani, itafanya kazi siku ya mawingu na kufa siku ya jua. Dayodi ya sekondari inaona 12 V ongeza 58.4 gawanya kwa 2.5, jumla 35 V, na mtetemo juu yake. Weka ya 100 V, kama MBR10100.

Usihesabu vanishi ya waya kama insulesheni kati ya pande mbili. Kwa sekondari tafuta waya wenye tabaka tatu za plastiki. Unaongeza kama 0.2 mm kwenye kipenyo, lakini hulazimiki kuacha ukingo mtupu pande zote mbili za bobini. Betri ya 48 V yenyewe si tishio kubwa kwa mtu. Ninachokilenga ni radi, na Kisii, Kakamega na Kericho si mahali pa kuibahatisha. Kipimo cha 1,500 V DC kwa dakika moja kati ya praimari na sekondari ndicho cha chini ninachokikubali. Kama huna mashine ya kipimo hicho, mega (mita ya kupima insulesheni) ya mafundi wa umeme ya 1,000 V itafichua waya uliokwaruzwa au tepu iliyopasuka. Isipoonyesha zaidi ya megaomu 100, fungua usuke upya.

Watu huogopa kapasitansi kati ya koili, na kusuka kwa kuchanganya tabaka kunaiongeza kweli. Lakini pima hofu hiyo kwa namba. Mshtuko wa 2,000 V unaopanda kwa mikrosekunde 1.2 kupitia pF 50 za transfoma unapitisha kama 0.08 A. Kapasita ya Y ya 2.2 nF ambayo wengi huiweka kati ya pande mbili kunyamazisha kelele inapitisha 3.7 A kwa mshtuko ule ule. Mwenye waya mrefu wa kwenda kwenye tangi aanze na 470 pF, aone kama kelele zinavumilika, kabla ya kuilaumu transfoma.

Mwinuko nao una neno. Umbali wa hewani kati ya pini katika viwango vya insulesheni vya IEC 60664-1 umewekwa kwa hadi mita 2,000 juu ya bahari. Kisumu iko kama 1,130 na Nakuru kama 1,850, kwa hiyo jedwali linatumika lilivyo. Eldoret imevuka kidogo, Molo na Timboroa zimevuka sana, na kwa mita 3,000 umbali huo unazidishwa kwa 1.14. Insulesheni ngumu, yaani tepu na plastiki ya waya, haibadiliki. Hewa nyepesi pia hupoza vibaya, ingawa baridi ya Molo inafidia.

Na je, ya kununua tayari? Ipo, na kwa kazi ya kurudiwa mara 50 ni bora kuliko mkono wowote. Tafuta transfoma za PoE (umeme unaopitia kebo ya mtandao) kwenye orodha za Würth Elektronik au Coilcraft. Zimetengenezwa kwa kuingia kwa karibu 36 hadi 57 V au zaidi, kutoka kwa 12 V, na insulesheni ya 1,500 Vrms inayodaiwa na kiwango cha mitandao cha IEEE 802.3. Mtego wake ni masafa. Nyingi zimepangiwa 200 kHz na kuendelea, zikiwa na makumi machache ya µH. Ukiiweka ya 40 µH kwenye konvata ya 100 kHz, mkondo utapanda kwa 4.4 A kila mzunguko badala ya 0.8, na hakuna kiini cha ukubwa huo kitakachoubeba. Fuata masafa yake, au iache. Kwa utengano mdogo wa laini ya data ya RS-485 peke yake, wati moja hivi, usisuke chochote: IC ya SN6501 na transfoma yake ndogo ya kusukuma na kuvuta inatosha. Hapo unaangalia volti-mikrosekunde tu (volteji mara muda ambao kiini kinaustahimili), zisiwe chini ya 9.1 kwa 5 V.

Kabla ya kuunganisha betri, hakikisha mwelekeo wa koili. Unganisha praimari na sekondari mfululizo usome indaktansi, kisha geuza sekondari usome tena. Kwa transfoma hii utapata karibu 430 µH zikiwa pamoja na 79 µH zikipingana. Kwenye usomaji wa 430, pini mbili zilizokutana ni mwisho wa moja na mwanzo wa nyingine. Weka alama kwa rangi ya kucha. Ukikosea mwelekeo, dayodi itapitisha wakati swichi imewaka, na betri ya 58.4 V itasukuma 23 V kwenye kapasita za 16 V.

Kipimo cha mwisho ni cha kushiba chenyewe. Chaji kapasita kubwa hadi 24 V, pitisha pigo moja kwenye praimari kupitia mosfeti na rezista ya 0.1 Ω, uangalie kwenye osiloskopu. Mstari unapaswa kupanda ukiwa umenyooka na kufika 2.8 A baada ya mikrosekunde 26. Ukijikunja kwenda juu kabla ya hapo, ongeza mwanya au raundi. Kisha weka transfoma kwenye oveni hadi 100 °C, itoe, na urudie pigo kabla haijapoa. Ikibaki imenyooka, changanya epoksi.